Makapi Yaliyoangukia Juu

Wakulima wa Mkata walikuwa na msemo wao juu ya Amne Sharifu: kumuuzia mahindi ni sawa na kumwogesha paka, kazi utaimaliza lakini utaondoka na mikwaruzo. Mwenyewe aliusikia na wala hakuukana. Alianza na ungo mmoja wa makopa ya muhogo kando ya barabara, akiwakimbilia abiria wa mabasi, na sasa alikuwa na ghala la bati, mizani yake mwenyewe, na malori ya Dar yakimfuata mlangoni. Hakuna aliyempa. Mume alimwachia mtoto wa kike, Hamisa, na godoro bovu ambalo Amne aliligeuza upande wa pili siku ile ile, akalala.

Mtu akileta gunia, Amne hakuanza kwa kulitazama gunia. Alimtazama mwenye gunia. Aliyesimama huku anachungulia barabarani alikuwa na mgonjwa nyumbani au gari la kuwahi. Huyo hakuhitaji kubishana naye sana. Bei, alisema Amne, haitoki kwenye mahindi, inatoka kwenye shida ya mwenye mahindi.

Mwaka huu shida ilihamia kwake. Mama yake, Bi Shamsia, alikuwa kitandani Masuguru, mjini Korogwe, kwenye chumba kile kile alichokipanga kabla Amne hajazaliwa. Miguu ilikuwa imevimba, na pumzi zilikuja kwa mafungu. Hospitali walimwambia Amne kwa lugha ya upole kwamba ampe mgonjwa kile anachokipenda. Na mgonjwa alipenda jambo moja tu: kurudi Kwemkole, kitongoji cha kwao huko ndani Handeni, afie huko, alazwe ubavuni mwa mama yake.

"Huku sina mtu ardhini," alisema. "Nitamsalimia nani?"

Lakini Kwemkole walikuwa wamekataa. Aliyetolewa kwa uchawi harudi, awe anatembea au amebebwa. Jibu hilo lililetwa na Mjomba Athuman, kaka pekee wa Bi Shamsia, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Alilileta kwa uso wa huzuni, pamoja na mfuko wa mchele na miwa ya bondeni, kama alivyokuwa akileta miaka yote. Wengine wote wa Kwemkole walipomtupa Shamsia, Athuman peke yake ndiye aliyefika Masuguru. Ndiye aliyemnunulia Amne sare ya kwanza ya shule. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika dada yake mguu uliovimba, akasema amebembeleza mpaka amechoka, wazee hawasikii.

Habari yenyewe Amne aliijua kama mtu anavyolijua kovu lake. Ulikuwa mwaka wa surua. Watoto wa Kwemkole walikufa mmoja baada ya mwingine na mvua haijakatika. Wazee wakamwita mganga Sabiri kutoka Mnyuzi, mtu wa ramli na maono, ambaye sifa zake zilisafiri kwa treni. Sabiri hakupiga bao wala hakuchinja kuku. Aliomba nyumba moja ya udongo, akaziba madirisha kwa mikeka, akatundika shuka jeupe ndani. Jua lilipofika utosini akaanza kuwaingiza wazee, mmoja mmoja. Kila mmoja alikalishwa gizani amefumba macho, ubani unafuka, mganga anasoma maneno yake marefu. Kisha akaambiwa afumbue, atazame shuka, na asigeuke nyuma, maana atakayegeuka atapofuka.

Kila mmoja alitoka na jina moja bila kuulizana na mwenzake. Walimwona Shamsia kwenye shuka, mdogo kama kitoto, miguu juu, kichwa chini. Alikuwa anapepeta kunde, na makapi yake yalikuwa yanaanguka kwenda juu.

Katika nchi ile mtoto hujua kabla hajaota meno kwamba mchawi akiwa kazini hutembea kichwa chini. Ushahidi gani mwingine utafutwe? Mumewe Shamsia alitamka talaka jioni ile ile. Yeye akaondoka na kanga mbili, na Amne tumboni.

Kati ya wale waliotazama alikuwa amebaki hai mmoja, Mzee Hiza, na alikuwa bado anaisimulia habari hiyo kwenye kila msiba na kila harusi. "Niliona kwa haya," alikuwa akisema, akiyagusa macho yake kwa vidole viwili, kama mtu anayeonyesha mali.

Amne hakuwa mtu wa kuamini uchawi wala wa kuukana. Alikuwa mtu asiyenunua gunia lililoshonwa. Ila gunia hili lilimshinda siku zote. Mtu mmoja anaweza kusema uongo, na wawili wanaweza kupatana. Lakini watu wazima wengi, kila mmoja peke yake, wote waone kitu kimoja? Hata yeye, usiku mwingine akiwa msichana, aliwahi kumtazama mama yake akiwa amelala na kujiuliza.

Kilichomfungua macho kilikuwa ni fukusi, wadudu wa nafaka. Alisikia wanakwaruza ndani ya magunia, akaingia ghalani mchana kuwasikiliza vizuri, akaufunga mlango kwa sababu ya mbuzi wa jirani. Ghala halikuwa na dirisha. Alisimama kimya gizani, sikio kwenye rundo, mpaka macho yakazoea. Ndipo akaona, juu ya salfeti, magunia mapya meupe yaliyopangwa ukutani, mwanamke mdogo mwenye kanga nyekundu akitembea kichwa chini miguu juu, beseni la karanga likining'inia chini ya kichwa chake bila kumwagika. Nyuma yake likapita basi, magurudumu hewani.

Amne alisema Bismillahi. Lakini alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa mwoga. Alimtambua yule mwanamke, alikuwa muuza karanga anayepita pale kila siku. Akageuka nyuma, jambo ambalo wazee wa Kwemkole walikatazwa, akaona kwenye bati upande wa barabara kijitundu ambapo msumari ulidondoka. Akaweka kidole. Basi, watu, barabara, vyote vikazimika. Akaondoa kidole, vikarudi.

"Mchawi gani huyu," alijiuliza kwa sauti, "anayezibwa kwa kidole?"

Alitoka nje, akatundika kanga yake kwenye uzio juani, akarudi ndani. Kanga ilikuwepo kwenye salfeti, maandishi yake juu chini. Aliihamisha kivulini, ikapotea kwenye salfeti. Alirudia mpaka akaridhika kama anavyoridhika na mizani. Nuru ya jua hupita tunduni na kuleta ndani chochote kilichosimama mbele ya tundu, ikikigeuza njiani. Kwa nini inakigeuza, hakujua na hakujali. Alijali jambo jingine, akalikalia juu ya gunia mpaka jasho likamkauka: tundu halichagui mtu. Linamleta yule aliyewekwa mbele yake. Sasa, mama yake aliwekwa pale na nani?

Kesho yake alikuwa Masuguru. Alimnywesha mama yake uji, akamwacha apumue, kisha akamtupia swali kama la kupitisha muda tu. Siku ile ya mganga, ulikaaje na wewe ukapepeta kunde wakati watu wana msiba?

Bi Shamsia alitabasamu. Kwenye habari ile yote chungu, sehemu hiyo aliipenda.

"Ni kaka yangu. Alinionea huruma, nilikuwa na mimba yako, miguu imejaa kama leo. Akanitolea kigoda mwenyewe, akakiweka nyuma ya nyumba, akasema, dada, kaa hapa ujipumzishe na kunde zako."

"Alikuweka kivulini?"

"Juani."

"Juani saa sita, na mimba?"

"Kivuli kilikuwepo, ule mwembe wa kina Hiza. Nikataka kuhamia. Akaniambia nisihame, kunde zina wadudu, jua linawatoa." Alipumua kidogo. "Mtu wa kujali sana Athuman. Hata mara mbili alikuja kunitazama kama bado nimekaa vizuri."

Amne alichukua bakuli akaenda kuliosha nje, akaliosha muda mrefu kuliko bakuli lilivyohitaji. Hakumwambia mama yake kitu. Kumwondolea kaka yake siku hizi za mwisho kungekuwa kumpokonya mgonjwa fimbo katikati ya mto.

Hata hivyo dhana si mzigo wa kuuza. Alitaka shahidi. Sabiri alishakufa, lakini aliacha mjane, Bi Rukaya, huko huko Mnyuzi, karibu na reli. Amne alimkuta barazani anamenya mihogo, mwanamke mwembamba mwenye macho makali. Alimsalimia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa chini bila kungoja mkeka, akachukua kisu cha pili akaanza kumenya naye. Alijua kwamba ukienda dukani ukauliza bei ya kitu unachokitaka, umeshapigwa. Akaulizia hali ya mihogo, akaulizia mvua. Halafu akasema:

"Bibi, sikuja kuuliza habari ya tundu wala shuka. Hiyo ninayo. Nimekuja kuuliza tu, mlikuwa mnaliziba kwa nini mpaka wakati ufike?"

Kisu cha bibi kikasimama. Alimtazama Amne toka kichwani mpaka miguuni, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa gunzi," alisema. "Mtu akishasomewa maneno ya kutosha, macho yameshazoea giza, mume wangu analichomoa gunzi polepole nyuma yake. Wewe binti wa nani?"

"Wa yule aliyekuwa anapepeta kunde."

Bi Rukaya hakucheka tena. Alimenya muhogo mzima kabla hajajibu, na alipoanza kusema alisema kama mtu anayetua mzigo wa mwenzake. Wazee wa Kwemkole hawakumfuata Sabiri kwanza. Aliyetangulia alikuja peke yake kwa treni, na mbuzi, kijana mrefu mwenye adabu, jina lake Athuman. Yeye ndiye aliyekwenda baadaye kuwatajia wazee jina la mganga. Na sababu hakuificha. Kwao ukoo unafuata tumbo la mwanamke: shamba la bondeni, lile lisilokauka, lilikuwa mkononi mwake kama mjomba, lakini akifa litakwenda kwa watoto wa dada yake, na wanawe mwenyewe watabaki kulima vichuguu. Dada alikuwa mmoja tu. Akitoka yeye na tumbo lake, wa kudai hayupo.

"Alisema, mama, nitawaambia nini watoto wangu? Walime bonde maisha yao yote halafu aje mtoto wa dada awaambie ondokeni? Nikamwonea huruma, nakwambia kweli. Mume wangu alidanganya watu wengi, lakini hakuwahi kwenda kwa mtu bila kuitwa."

Amne alimwomba afike Handeni aseme maneno hayo mbele ya wazee. Bibi akatikisa kichwa kabla hajamaliza kuombwa.

"Mimi, mke wa mganga, nisimame Kwemkole niseme tulikuwa tunadanganya? Watanimaliza kwa mawe nikiwa bado nasalimia. Nina shuka lile mpaka leo, mwanangu, nalalia. Ukilitaka chukua. Mimi mwenyewe huniondoi hapa."

Shuka peke yake lingethibitisha nini? Aliliacha.

Akabaki na tundu lake, na akaona linatosha. Hapa ndipo Amne, mtu aliyewashinda madalali wa Dar, alipokosea. Alidhani mtu aliyedanganywa kwa macho atafunuliwa kwa macho. Alimtumia Mzee Hiza ujumbe kwamba anayataka mahindi yake na atamlipia nauli. Hiza alipofika akamkaribisha ghalani apumzike jua lipungue, akamkalisha juu ya gunia akiwa ameelekea salfeti nyeupe, akamwekea chai. Akafunga mlango. Mpango wake ulikuwa mwepesi: mzee aone, ashtuke, kisha amwonyeshe tundu, amwambie weka kidole hapa, na mzee aende kuwaambia wenzake walichofanyiwa.

Akatoka, akasimama juani mbele ya tundu, akachukua ungo, akaanza kupepeta.

Mzee Hiza alitoka kofia ikiwa mkononi. Hakupiga kelele. Chai hakuigusa. Alimtazama Amne kwa namna ya huruma, kama mtu anayemwona mtoto wa jirani amepata ugonjwa wa ukoo.

"Kumbe alikuachia," alisema.

Amne akamwambia si hivyo, babu, rudi ndani mara moja tu, geuka nyuma nikuonyeshe. Mzee akaweka kiganja kando ya jicho, asije akaona nyuma hata kwa bahati mbaya.

"Sigeuki. Niliambiwa nisigeuke, na sijapofuka mpaka leo."

Akashika njia ya kituo cha mabasi. Kabla ya magharibi Mkata nzima ilikuwa na habari kwamba binti wa Shamsia ameonekana mchana kweupe akipepeta kichwa chini. Wiki iliyofuata wakulima walipitisha mikokoteni mbele ya ghala lake wakiangalia upande wa pili, wakamuuzia jamaa wa ng'ambo ya barabara aliyekuwa akiwapunja kwa mizani mbovu. Amne aliwatazama wakipita. Kupunjwa waliona heri.

Mjomba Athuman alifika siku ya gulio, amepakiwa kwenye bodaboda, kanzu safi, fimbo mkononi. Alijibu shikamoo yake kwa upole wake wa siku zote, akaomba aingie kivulini. Aliingia ghalani, na kabla hajakaa, katika ukuta mzima wa bati wenye kutu, viraka na vishimo vya kila aina, jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye kijitundu cha msumari.

"Dogo kuliko la Sabiri," alisema.

Amne alifunga mlango, wakabaki wawili.

"Umefika Mnyuzi," mzee alisema. Hakuuliza.

"Nimefika."

"Yule mama bado mzima?"

"Mzima."

"Alinipikia wali siku ile. Mkono mzuri." Akakaa juu ya gunia, akalaza fimbo magotini. Amne alikuwa amejiandaa kwa kukana, kwa viapo, kwa hasira. Badala yake likamtoka swali ambalo hakulipanga.

"Miaka yote ile mchele ulikuwa unatuletea wa nini?"

"Ulikuwa wenu," alisema Athuman. "Ningefanyaje? Nisiwape hata kidogo?"

Kisha wakaanza kupatana, na walipatana kama watu wa sokoni, bila kupandishiana sauti. Amne alitaka aseme ukweli mbele ya wazee. Athuman akamuuliza ukweli huo utakuwa na mnunuzi gani. Waliotazama karibu wote wamekufa, na wamekufa na heshima zao. Watoto wao wakubali kwamba baba zao walichekewa na shuka? Hiza ameonyeshwa juzi, ameona nini? Na wanawe yeye Athuman, wenye watoto na wajukuu pale bondeni, wakisikia kuna wa kudai, watafunga njia gari lisiingie, liwe la mgonjwa au la maiti.

"Na mama yako," alisema, "hana siku za kesi. Mimi ninazo."

Hiyo ndiyo ilikuwa mizani, na Amne aliisoma kabla haijatulia.

Mzee akatoa lake. Atasimama yeye kama kaka amwombee Shamsia msamaha. Wazee watamkubalia, maana neno lake ndilo la mwisho, na lilikuwa la mwisho hata pale aliposema amebembeleza mpaka amechoka. Shamsia atarudi, ataoshwa kwa dawa, atanyolewa, ataulizwa mbele ya watu kama ameuacha uchawi, naye atajibu ameuacha. Hiza atanyamaza, na wakulima wa Mkata watapelekewa maneno ya kuwatuliza. Kwa upande wake, Amne ataapa kwa msahafu kwamba habari ya tundu haitatoka kinywani mwake kwa mtu yeyote, akiwemo mama yake, akiwemo mwanawe. Bonde halitatajwa.

"Asinyolewe," alisema Amne.

"Watasema hajaoshwa."

"Basi anyolewe ndani, na wanawake, si uwanjani."

"Ndani," alikubali Athuman.

"Asikiri."

"Neno moja tu, mpwa wangu. Bila neno hilo nimrudishe kama nani?"

Amne alisukuma kote alikoweza. Alipata nyumba ya bibi yake badala ya kibanda cha pembeni. Alipata ahadi ya kaburi, ubavuni kabisa, si mwisho wa safu. Kwenye neno lile moja hakupata kitu. Athuman aliutoa msahafu mdogo kwenye mfuko wa kanzu. Alikuja nao.

Walimchukua Bi Shamsia kwa Noah ya kukodi, viti vya nyuma vimelazwa, godoro juu yake. Njia nzima aliuliza wamefika wapi. Walipoacha lami pale Mkata akataka ainuliwe aone. Hakuitambua nusu ya nchi, miti mingi imechomwa mkaa, lakini aliendelea kutaja majina ya vilima kama anayeita watoto ndani. Kwemkole yote ilitoka kumtazama. Watu walisimama mbali kidogo, wengine wamefunika watoto nyuso.

Alinyolewa ndani kama ilivyokubaliwa. Kisha akatolewa uwanjani kwenye kiti cha plastiki, kichwa cheupe kinang'aa, akanyunyiziwa maji ya majani. Mzee Hiza akamuuliza kwa sauti ya kusikika na wote kama ameuacha.

Amne alikuwa nyuma ya kiti. Moyoni, upande mmoja wake uliomba mama yake akatae. Aseme sikuwa nao, niuache nini. Aseme hivyo na mapatano yote yavunjike bila yeye Amne kufungua kinywa.

"Nimeuacha," alisema Bi Shamsia, waziwazi, kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima. Kisha akanyoosha mkono, akaushika mkono wa kaka yake, akaubusu. "Kaka, Mungu akulipe."

"Na wewe, dada," alisema Athuman, na machozi yalikuwa yanamtoka. Yalikuwa machozi ya kweli. Hilo ndilo Amne hakuweza kulisamehe.

Jioni alipokuwa anambadilisha nguo, mama yake alimwambia siku ile imekwenda vizuri. Amefikiri miaka mingi, alisema, na alishafika mwisho wa kufikiri. Watu wazima hawawezi kuota ndoto moja mchana. Labda roho yake ilikuwa inatoka bila yeye kujua. Labda wale watoto kweli aliwala yeye. Wengine alikuwa akiwabeba mgongoni, hata majina yao anayakumbuka. Ndiyo maana aliogopa kufa Korogwe na dhambi ile juu yake. Sasa ameoshwa, amepona.

"Ulikuwa unalijua, mwanangu? Kwamba labda ni mimi?"

Amne alifungua kinywa. Kila kitu kilikuwepo, kigoda, jua, gunzi, shuka. Alikuwa na ushahidi mpaka wa kumwaga. Lakini nje, upenuni, mjomba wake alikuwa anazungumza na wanawe, na mgonjwa alikuwa bado hajafika kaburini. Kaburi hilo lilikuwa la ahadi tu, na ahadi huvunjwa.

"Lala, mama," alisema.

Alikufa kabla ya Ijumaa ya pili, amelala kifudifudi kidogo kama anayesikiliza chini. Alizikwa ubavuni mwa mama yake, mahali hasa alipopataka. Athuman alishuka kaburini mwenyewe kumpokea, na watu wakasema kaka wa namna ile hazaliwi tena.

Hamisa alifika kutoka Dar amechelewa maziko, akiwa na mtoto wake mchanga, akakuta khitma. Alikaa na mabibi wa kijijini jikoni akiwasaidia kuchagua mchele, na Amne alijua wanamwambia nini kwa jinsi vichwa vilivyosogeleana. Baadaye Hamisa alikuja akaketi karibu naye mkekani. Mtoto alikuwa amelala mapajani pa Amne, mdomo wazi.

"Mama," alisema Hamisa kwa sauti ya chini, "ni kweli bibi alikuwa mchawi?"

Amne alimtazama binti yake. Ng'ambo ya uwanja Mjomba Athuman alikuwa anapokea pole za watu, akautazama ule mkeka wao mara moja, akaendelea kupokea. Bonde lilikuwa nyuma yake, la kijani kibichi katika kiangazi kile, wajukuu zake wanakata miwa ya kuwapa wageni.

"Alisamehewa," alisema Amne.

Hamisa akasogeza kanga yake begani. Kisha akainama, akamwinua mtoto kutoka mapajani pa mama yake, polepole, kwa adabu, kama mtu aliyekumbuka kwamba mtoto hajanyonya, akaenda kukaa naye upande wa pili.